Ganda la Korosho na Unga wa Uzima

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabra alichekecha majivu. Aliyachukua jikoni yakiwa yamepoa, akayachekecha mpaka yakawa laini kama unga, kisha akayaweka kwenye kopo karibu na kigoda cha bibi yake. Bibi Zuhura aliishi kwa kubangua korosho. Asiyeijua kazi hiyo huiona mchezo, lakini ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mbanguaji asiyejipaka majivu mikononi hujuta siku hiyo hiyo.

Sabra aliyajua mafuta hayo kuliko watoto wengi. Alipokuwa mdogo, bado hajaanza shule, aliokota korosho mbichi shambani akaing'ata kwa meno. Midomo ilivimba, ngozi ikabanduka, na mpaka sasa akiwa darasa la sita alikuwa na baka jeupe pembeni mwa mdomo. Wenzake walimtania kwa kumwita Mla Maganda, naye hakuwahi kucheka nao.

Waliishi wawili tu katika mtaa wa Magomeni, mjini Mtwara. Mama yake Sabra aliuza vitenge kule Kilambo, mpakani, akirudi mara moja moja. Kwa hiyo Bibi Zuhura ndiye aliyekuwa baba, mama na mwalimu wa nyumbani. Alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na kila asubuhi alimeza kidonge alichopewa na Muuguzi Agnes wa zahanati. Jambo moja tu lilimtia Sabra hofu duniani: kumpoteza bibi huyo.

Ndiyo maana alifurahi sana Mwalimu Marlene alipowafundisha, katika klabu ya afya, juu ya elimu ya kale ya Wahindi iitwayo Ayurveda.

"Elimu hii inasema mwilini mna nguvu tatu, ya upepo, ya moto na ya maji," alieleza Mwalimu Marlene. "Fikirieni mafiga matatu. Figa moja likizidi wenzake kimo, chungu kinapinduka. Si lazima tukubali kila neno la watu wa kale, lakini mashauri yao mengi ya kila siku yanafaa. Kula chakula cha moto, tena kwa wakati wake. Mlo mkubwa uwe wa mchana. Tafuna taratibu. Tembea kidogo ukishakula. Lala mapema. Na usipandishe hasira ovyo."

Hilo la mwisho lilimshinda Sabra, ambaye hasira zake zilikuwa karibu kama chumvi jikoni. Mengine yote aliyabeba mpaka nyumbani, na Bibi Zuhura akayapenda. Ugali wa muhogo na kisamvu vikawa vya mchana badala ya usiku. Chumvi ikapungua, kama Muuguzi Agnes alivyokuwa akihimiza siku zote. Jioni, bibi na mjukuu walitembea hadi mtaa wa Rahaleo na kurudi, wakisalimiana na watu njiani. Walipokwenda kupima, Muuguzi Agnes alitabasamu. Alisema presha imetulia, waendelee hivyo hivyo, na vidonge visiachwe.

Basi mambo yalikuwa yamenyooka. Lakini penye asali hapakosi nzi.

Mchana mmoja Sabra alirudi kutoka shule akakuta kopo jeupe, lenye picha ya maua, limewekwa juu ya kabati mahali pa vidonge. Vidonge vyenyewe havikuwapo.

"Bibi, dawa zako ziko wapi?"

"Nimezitia kwenye sanduku," alijibu Bibi Zuhura huku akibangua. "Sizihitaji tena. Amepita kijana mmoja, Daktari Fadhili, anauza Unga wa Uzima. Amenisalimia kwa Kimakonde kizuri. Anasema vidonge vya hospitali ni kemikali, vinapambana na huu unga, nivitupe. Mimi sikuvitupa, nimevificha tu."

"Nani kakwambia uamini maneno hayo?"

Bibi Zuhura aliinua macho, akamtazama kwa mshangao. "Si wewe? Nilimuuliza unga wa nini, akasema ni Ayurveda. Nikamwambia hiyo naijua, mjukuu wangu anasomeshwa shuleni."

Maneno ambayo Sabra aliyaleta nyumbani kwa mapenzi, mtu asiyemjua alikuwa ameyageuza chambo. Alieleza, alibembeleza, mwisho akapaza sauti. Bibi Zuhura alimkanya kwa utulivu. Alimwambia mtoto hampigii kelele mkubwa wake, na kitu cha asili hakijawahi kumdhuru mtu.

Siku chache baadaye Bibi Zuhura alikuwa akikaanga korosho uani. Karai lilikuwa motoni, moshi mzito ukipanda. Sabra aliona bibi yake akishika kichwa, akayumba, akaelekea upande wa moto. Alimrukia akamvuta kwa kanga, wote wawili wakaanguka mchangani. Jirani yao, Mama Hassani, alisikia kishindo akaja mbio, na bajaji ikaitwa.

Kule zahanati, Muuguzi Agnes alipima mara moja, akapima tena, uso ukabadilika.

"Bibi Zuhura, presha iko juu sana. Umeacha dawa?"

"Ni jua tu, mwanangu," alisema Bibi Zuhura.

"Si jua," alisema Sabra. "Ameziacha. Kuna mtu alimwambia anywe unga."

Muuguzi Agnes alimpa Bibi dawa, akamlaza chini ya uangalizi mpaka jioni. Kisha akamwambia waziwazi kwamba mwenye presha akiacha vidonge anaweza kupooza au kufa, na kwamba asimeze unga wowote ambao haujulikani una nini ndani. Bibi Zuhura aliitikia kwa kichwa. Walipofika nyumbani aliketi kitandani akiwa amenuna.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Sabra."

"Nilitaka upone, Bibi."

"Nitapona. Yule kijana aliniambia mapema nitapata kizunguzungu. Alisema ni sumu inatoka mwilini, nikivumilia itaisha."

Sabra alitoka akaketi kizingitini, akalia kwa hasira. Huyo mtu alikuwa amefanya hesabu zake vizuri. Mgonjwa akipata nafuu, sifa ni za unga. Akizidiwa, napo sifa ni za unga, maana sumu inatoka. Na bibi wa watu akianguka motoni, nani angemtafuta Fadhili na kopo lake la maua? Kuna watu hawana haya, na wabaya zaidi ni wale wanaokuja na salamu nzuri.

Jumamosi, kipaza sauti cha Fadhili kilisikika tangu kona ya mtaa. Bibi Zuhura na majirani walikuwa uani wakibangua, mikono yao ikiwa ya kijivu. Fadhili aliingia akiwa amevaa koti jeupe, akabisha hodi kwa adabu zote, akaamkia wakubwa mmoja mmoja.

"Akina mama, shahidi wangu huyu hapa," alisema akimwonyesha Bibi Zuhura. "Waambie mwenyewe, Bibi."

Bibi Zuhura alijikohoza tu. Mama Hassani, ambaye yeye alikuwa na kisukari, alikuwa tayari ameshika kopo akilisoma. Sabra aliliona kopo lile mkononi mwa jirani yao, na hasira ikampanda. Safari hii hakupiga kelele. Alijifuta mikono, akasogea mbele.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, binti."

"Naomba kuuliza. Unga huo una nini ndani?"

"Mizizi na majani. Siri ya kazi haisemwi, lakini ni vitu vya asili vitupu." Fadhili aliwageukia akina mama. "Na kitu cha asili hakimdhuru mtu. Mzee hakimdhuru, mtoto hakimdhuru."

Sabra alichovya vidole kwenye kopo la majivu, akayasambaza mpaka viganjani. Aliokota korosho mbichi ambayo haijapita motoni, akaigonga kwa jiwe. Ganda lilifunguka, mafuta meusi yakachuruzika. Alilinyoosha mbele ya Fadhili.

"Hili nalo limetoka mtini," alisema. "Halijapita kiwandani, halina kemikali ya hospitali. Naomba ulilambe."

Akina mama waliweka chini mawe ya kubangulia.

Fadhili alicheka kidogo. "Bibi, mjukuu wako amekosa adabu. Ungemfundisha namna ya kuongea na wakubwa."

Bibi Zuhura alimtazama Sabra, na macho yake yakatua pembeni mwa mdomo, kwenye lile baka jeupe. Alikuwa amelipaka mafuta ya nazi usiku na mchana, miaka ile, mtoto akilia hawezi hata kunywa uji. Kisha akamgeukia mgeni.

"Nitamfundisha adabu tukibaki wenyewe," alisema. "Wewe kwanza mjibu. Ni la asili. Lilambe, mwanangu, nasi tutanunua makopo yote."

Fadhili alirudi hatua moja. Alisema mambo hayo hayafanani. Mama Hassani akamuuliza yanatofautiana nini, ikiwa ganda tunajua lina nini na unga hatujui. Bibi Zuhura aliingia ndani, akarudi na kopo la maua, akaliweka mikononi mwa Fadhili. Mtu huyo aliondoka bila kuwasha kipaza sauti, na Mama Hassani akamfuata nyuma hadi ofisi ya serikali ya mtaa, akisema leo hatoki mtaani kimyakimya.

Bibi Zuhura alifungua sanduku, akatoa vidonge vyake, akameza kimoja kwa maji ya uvuguvugu mbele ya wote.

Jioni Mwalimu Marlene, aliyekwisha kusikia habari, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Sabra alimweleza yote, tena akakiri kwamba hasira imemshinda kama kawaida.

"Leo haikukushinda," alisema Mwalimu Marlene. "Hasira ni moto. Ulipopiga kelele ilikuunguza wewe. Leo umeitumia kupikia. Nami nina hasira vilevile, Sabra, maana yule mtu amechukua jina la elimu ya watu akalifanya wavu. Ayurveda niliyowafundisha ni kujitunza kila siku: chakula, usingizi, matembezi na moyo mtulivu. Mambo hayo hayauzwi kwenye kopo, na hayamwambii mgonjwa avikimbie vidonge vyake. Atakayekwambia uchague moja kati ya hayo na vidonge, muulize anapata nini."

"Na mimi nina langu," alisema Bibi Zuhura. Alichukua kopo la majivu akaliweka mapajani mwa Sabra. "Miaka yote hii nimepaka majivu kila siku kabla sijagusa korosho, kisha nikameza unga wa mtu nisiyemjua bila hata kuuliza. Sikiliza, mjukuu wangu. Cha asili nacho hushikwa kwa majivu."

Kisha akavaa kandambili, akajitanda kanga, akauliza kama leo hawaendi Rahaleo. Wakatoka wote watatu, polepole, kwa mwendo wa mgonjwa.