Kutu Juani

Jumamosi hiyo Kaswera alisali, kisha akakuta gunia la makala, makaa ya kupikia, ni tupu. Kesho yake binti wao, Providence, angepokea komunyo ya kwanza. Wageni walikuwa njiani kutoka Kirumba.

"Baba Providence, makala iko wapi?"

Mume wake Vagheni, fundi wa mabati hapa Mususa, akacheka. "Makala ya nini? Leo tunapika na maji!"

Alikuwa amesikia kwa redio kwamba kutu na jua vinaweza kutoa gazi, hewa inayowaka, ndani ya maji. Basi alikwangua kutu ya mabati ya zamani, akaitia pamoja na maji ndani ya bido ya plastiki, akaifunga sana. Hadi Jumamosi hiyo bido ilikuwa imekaa juani siku tatu. Ikavimba kama tumbo la mbuzi mwizi.

"Unaona? Gazi imejaa!" Akalegeza kifuniko, akatoa kiberiti.

"Hapana washa!"

Alikuwa Madame Julienne, jirani, mwalimu wa kemia aliyetoka Kasai. Alimnyang'anya kiberiti, akanusa bido.

"Papa Vagheni, humu mulikuwa nini?"

"Esansi, petroli ya pikipiki. Lakini nilisuza."

"Harufu ingali ipo. Ungewasha, ingelipuka. Mutoto angeenda kanisani bila baba."

Kaswera akafanya alama ya msalaba. Vagheni akakaa chini.

"Donc redio ilidanganya?"

"Hapana. Bido ilivimba kwa sababu hewa ikipata moto inapanuka. Kutu ya ile kazi inapakwa juu ya kioo, nyembamba kupita unywele. Chembe zake ni ndogo, jicho haliwezi kuziona. Waya inaiunganisha na kipande cha chuma, na sahani ndogo ya umeme wa jua inasaidia. Hapo maji yanapasuka. Kwa kutu inatoka oksijeni, kwa chuma inatoka hidrojeni. Hiyo ndiyo inawaka. Lakini ni kidogo sana, haijafika jikoni."

"Basi mimi nilitia kutu mingi, kama mke wangu na chumvi."

"Chumvi yangu haijalipua mutu!" Kaswera akajibu.

Vagheni akaenda kununua makala. Ile bido akaipaka alama nyekundu, akaiweka mbali na moto. Jumapili wageni walishiba, na Providence alikaa kando ya baba yake.

Jumatatu Madame Julienne alimwonyesha Vagheni kioo chekundu kwa kutu ndani ya maji. Kwenye chuma kilichounganishwa nacho kwa waya vilipanda vipovu vidogo. Vagheni akakinga jua kwa mkono: vipovu vikakoma. Akauondoa: vikarudi. Akarudia mara tano.

"Madame, kesho nilete mabati?"

"Leta macho tu, Papa Vagheni. Kiberiti ukiache nyumbani."