Chelezo cha Migomba

Safari ya Adelgunda iliharibika kabla hajalowesha hata unyayo. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye mbao za kivuko, furushi kichwani na kamba ya mbwa mkononi, karani alipomzuia kwa fimbo.

"Wewe pita. Mbwa abaki."

"Abaki na nani?"

"Hilo si langu. Mbwa hawaruhusiwi kuvuka kwenda Uganda. Kuna kichaa cha mbwa."

"Kichaa kiko upande gani, waitu, bwana wangu? Huku au kule?"

Karani hakujua, na mtu asiyejua akiulizwa mbele za watu hukasirika. Alimwambia kwamba mbwa atakayeachwa hapo bila mwenyewe atapigwa risasi, kisha akamsogeza kando kwa ile fimbo, maana nyuma yake gari lilikuwa linapiga honi. Lilikuwa gari la Mzungu mmoja wa machimbo. Dirishani alichungulia mbwa mweupe mwenye masikio marefu, ulimi nje. Karani alivua kofia, akaliongoza gari taratibu mpaka katikati ya kivuko, na mbwa yule akavuka akiwa ameketi kwenye kiti cha ngozi ambacho Adelgunda hajawahi kukikalia maishani.

Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa kivuko kile ulikuwa na meno upande mmoja tu.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na moja, masika yanaishia, na mto Kagera ulikuwa umefura. Adelgunda alikuwa mjane wa kijiji cha Songambele, huko Karagwe, binti wa mwindaji. Yeye na marehemu mumewe, Placidius, walikuwa na ugonjwa mmoja ambao majirani waliwacheka nao: walitaka kuona nchi za watu. Wenzao wakiuza kahawa walinunua baiskeli. Wao walifunga furushi. Walikuwa wameshafika Ruanda kwa miguu, mbwa wao akitangulia, na wakapanga Uganda ifuate, kisha Kongo. Homa ikamchukua Placidius kabla. Ukoo ukasema basi, mjane atulie alime migomba yake. Adelgunda akajibu kwamba atatulia akishazikwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Tibenda, ambalo kwa Kinyambo ni kama kusema "hawapendi". Placidius alimpa jina hilo makusudi, ili kila akimwita wale wanung'unikao wasikie. Alikuwa mbwa wa kuwinda, mwekundu, sikio moja limechanika, shingoni ana kengele ya mti kama mbwa wote wa wawindaji wa kule.

Ukoo uliposhindwa kumzuia mjane, ulimpa msindikizaji: shemeji yake Desderius, mdogo wa marehemu, mtu mwenye tumbo na malalamiko. Kazi yake ilikuwa kumfikisha Uganda na kumrudisha haraka iwezekanavyo.

"Basi, shemeji, turudi," Desderius alisema pale kivukoni, sauti yake imejaa furaha asiyoweza kuificha. "Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha," Adelgunda alisema. "Amepita na mbwa wake."

Akageuka, akashika njia ya kando ya mto kwenda juu. Kila mwenye mtumbwi waliyemkuta alitikisa kichwa. Karani alikuwa ametuma neno: atakayemvusha mbwa huyu, mtumbwi wake utapasuliwa kwa shoka. Fikiria mtu huyo! Kichaa cha mbwa hakijui kilipo, lakini kwa kumkomoa mjane alikuwa na mbio za swala.

Jioni walifika kwa Byabato, jamaa wa mbali aliyekuwa na shamba karibu na maji. Aliwakaribisha kwa rubisi, ile pombe ya ndizi, na kahawa ya kutafuna, akasikiliza, akatema mate kuelekea kivukoni. Kisha akawaonyesha migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, bado imesimama, minene na iliyojaa maji.

Hapo ndipo walipokosea. Mtu wa Karagwe akizaliwa, mgomba upo. Akila, akilewa, akifunga mzigo, akijikinga mvua, ni mgomba. Kwa hiyo shida ilipowafika walikimbilia mgomba bila kufikiri mara mbili. Waliangusha mashina, wakayalaza bega kwa bega, wakayachoma kwa vijiti virefu vilivyochongwa ncha ili yashikane, wakayafunga kwa kamba za magome yake yenyewe. Kilikuwa chelezo kizuri, kinaelea kama boga. Mvuvi wa ziwani asingekipanda hata kama amelewa. Lakini hapakuwa na mvuvi wa kuwaambia.

Kulipopambazuka Adelgunda aliijaza nyasi kengele ya Tibenda, isije ikawaamsha askari wa kivukoni, akampandisha mbwa katikati ya chelezo. Desderius alipanda wa mwisho.

"Maji ukishayavulia nguo..." Adelgunda alianza.

"Sijayavulia, shemeji. Nimevaa zote."

"Shika upondo. Jua liwe mkono wa kulia, tutafika."

Mto uliwapokea kwa pupa. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo, majani na visiwa vizima vya mafunjo vilivyong'oka huko juu. Upondo ulikosa kina upesi. Walipiga kasia kwa vipande vya mbao, mabega yakiwaka moto, na ng'ambo ilikuwa inasogea, polepole lakini inasogea. Desderius alikuwa ameanza hata kupiga mluzi. Ndipo Tibenda aliponguruma.

Kiboko alitokea upande wa kushoto, macho na pua tu, akipuliza maji. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Alikuwa na njaa, na alisogea kunusa chelezo kama mgeni anayenusa sufuria ya mwenyeji. Akafungua kinywa, akang'ata ncha ya mgomba mmoja, akatafuna. Utomvu ulimchuruzika mdomoni. Akarudia.

Adelgunda alielewa. Walikuwa wamepanda chakula cha kiboko.

"Yezu Maria!" Desderius alipiga kelele. "Anatula!"

"Si sisi. Anakula migomba. Tulia!"

Jino liliingia kati ya mashina. Kijiti kimoja kikakatika, ncha yake ikamchoma Desderius pajani, ikaingia na kutoka. Damu ilimwagika juu ya magome meupe. Chelezo kikainama, mbwa akateleza, Adelgunda akamdaka shingoni.

"Mtupe!" Desderius alilia. "Shemeji, mtupe mbwa! Amfuate yeye, atuache!"

"Anataka mgomba. Mbwa wa nini?"

"Mtupe, nakuambia! Ni mnyama tu!"

Mfa maji haachi kutapatapa, na mkono wa Desderius ulikuwa umeshamfikia Tibenda mguuni. Adelgunda aliupiga kwa ubao wa kasia, kwa nguvu zake zote. Hasira yote ya kivukoni ilikuwa ndani ya pigo lile. Alijua kuwa ndugu yake huyu, mwoga na mwenye damu pajani, amesema neno lilelile la karani: wewe pita, mbwa abaki. Ilimuuma kuliko kiboko.

"Ukimgusa tena, nakutupa wewe! Una nyama zaidi."

Kisha akachomoa panga, akakata kamba za shina la pembeni, akalisukuma majini kwa miguu. Lilielea likizunguka. Kiboko aliligeukia, akaliandama kufuata mkondo. Walipiga kasia kama vichaa. Lakini mgomba haumshibishi kiboko, na muda si muda macho yale yalirudi. Adelgunda akakata shina jingine. Likaenda, kiboko akaenda nalo, akarudi. Hivyo ndivyo walivyovuka, wakimlisha kiboko chelezo chao kipande kwa kipande, na kila kipande kilipoondoka maji yalipanda: vifundoni, magotini, kiunoni. Yalipobaki mashina mawili walikuwa wanayakumbatia kwa kwapa, mbwa kalala mgongoni mwa Adelgunda, kucha zake zimemshika mabegani. Mkondo ukawatupa ndani ya mafunjo.

Kiboko hakuwafuata. Walimsikia nyuma akitafuna.

Desderius alidhani wamefika nchi kavu, akasimama, akazama hadi kifuani. Pale hapakuwa na ardhi. Palikuwa na zulia la mizizi na matope lililoelea juu ya maji meusi, na juu yake mafunjo yamesimama marefu kuliko watu wawili. Adelgunda alimvuta kwa ukosi wa shati mpaka akatambaa juu ya zulia lile, kisha akachana upande mmoja wa kanga yake, akamfunga paja.

"Inauma?"

"Inauma. Ni upande gani?"

Adelgunda alitazama juu. Wingu lilikuwa limefunika jua. Kila upande ulikuwa mashina yaleyale ya kijani na mashada yaleyale yanayotikisika.

"Sijui," alisema.

Walikwenda hivyohivyo. Majani yaliwakata mikono na nyuso kama wembe. Kila hatua ilikuwa ya kujaribu: weka mguu, sikiliza, hamisha uzito. Kiu iliwashika huku wamesimama ndani ya maji, maana maji yale yalinuka yai bovu.

"Usinywe hayo. Vunja funjo, unyonye shina la chini."

Desderius alinyonya, akakunja uso, akanyonya tena. Walitafuna kahawa ya Byabato iliyosalia kwenye furushi ili wasilegee. Giza liliwakuta humohumo, wakaketi juu ya mafunjo waliyoyalaza, mbwa katikati yao. Desderius hakusema neno juu ya mkono wake uliovimba kwa ule ubao. Asubuhi alikuwa na homa, na mkono mwingine ulikuwa umelala juu ya mgongo wa Tibenda kutafuta joto.

Kulipokucha Adelgunda alifanya alichopaswa kukifanya tangu jana. Alitoa nyasi ndani ya kengele, akamfungua mbwa kamba.

"Tafuta," alimwambia, kama baba yake alivyowaambia mbwa wake.

Tibenda aliingia kwenye mafunjo, akapotea machoni. Kengele ilibaki: kododo, kododo. Ilipokwenda mfululizo, walijua zulia linabeba. Ilipokoma, walikoma. Ilipozunguka, nao walizunguka, hata kama macho yaliwaambia njia ni nyoofu. Mbwa alikuwa anapima kwa miguu minne kile ambacho wao walikuwa wanakipima kwa kuzama. Visiki vya mafunjo yaliyovunjika vilimchoma, na Adelgunda alianza kuona damu juu ya majani, si ya shemeji yake.

Kisha Desderius aliteleza. Zulia lilifunguka chini yake, maji yakamfika kidevuni. Adelgunda alilala kifudifudi, akamshika mikono miwili, lakini mtu yule alikuwa mzito na yeye hakuwa na pa kukanyaga. Adelgunda mwenyewe akaanza kuteremka pamoja naye.

"Niachie," Desderius alisema. Sasa hakupiga kelele. "Shemeji, niachie. Nenda na mbwa."

"Nyamaza! Nimekataa kuacha mmoja, niache wewe?"

Kengele ilirudi mbio. Tibenda alisimama ukingoni mwa shimo, akawatazama, akainua kichwa na kubweka. Alibweka mpaka sauti ikamkauka. Na kutoka mahali fulani mbele, karibu kuliko walivyothubutu kutumaini, ng'ombe akalia, na mtu akaitika kwa Kinyankole.

Wachungaji walikuja na mti mrefu, wakaulaza juu ya mafunjo, wakamchomoa Desderius kama muhogo kutoka ardhi yenye maji. Ng'ambo ilikuwa hatua chache tu. Walikuwa wamelala usiku kucha kwenye mlango wa Uganda.

Waliwapa maziwa, wakawasha moto. Lakini habari njema haikukaa sana. Mkuu wa mahali pale, mtu wa makamo mwenye kanzu safi, alifika na askari mmoja, akawapa pole kwa heshima, akajitaja kuwa ni Cassian, akauliza majina yao. Kisha akamtazama mbwa.

"Ninyi pumzikeni mpaka mpone, mama yangu. Lakini huyu lazima arudi alikotoka. Amri ndiyo hiyo."

Adelgunda hakuwa amelia mtoni, wala katika mafunjo. Sasa machozi yalimtoka, na hayakuwa ya huzuni.

"Arudi kwa njia gani? Mlipotufungia njia nzuri tulipita kwa kiboko. Huyu mbwa hana kichaa, mzee. Mtazame! Kichaa ni sisi tunaotakiwa kufa kwanza ndipo mtu atuulize tulikuwa tunakwenda wapi. Nilitaka kutembea tu. Kuona nchi ya watu na kuwaamkia. Hilo nalo linahitaji damu?"

Mkuu aliinamisha macho. Askari alisogea kumshika mbwa.

Desderius alikuwa amelala kando ya moto, paja limevimba, midomo imepasuka kwa homa. Aliinuka kwa shida, akachechemea, akaketi chini kwa kishindo kati ya askari na mbwa. Akampakata Tibenda.

"Mimi jana nilitaka kumtupa huyu majini," alisema kwa sauti ambayo wachungaji wote waliisikia. "Aliyeniokoa ni yeye. Mkimrudisha, turudisheni sote watatu, sasa hivi, na mtuvushe ninyi wenyewe. Haya! Nani kati yenu anaingia mtoni?"

Mto ulisikika nyuma ya mafunjo, ukivuma. Wachungaji walitazama miguu yao. Askari alimtazama mkuu. Mkuu akamwambia askari aende akatafute mtu wa kumtibu yule mgonjwa paja lake.

"Na mbwa, bwana?" askari aliuliza.

"Mbwa gani?" alisema mkuu, akaondoka.

Homa ya Desderius iliposhuka na paja likaweza kukanyaga, Adelgunda alimwambia kwamba amekwisha kumaliza kazi aliyotumwa na ukoo: amemfikisha Uganda. Wachungaji watamwonyesha kivuko, arudi nyumbani kwa watoto wake. Yeye ataendelea mbele taratibu, maana nyayo za Tibenda hazijapona na itabidi ambebe.

Desderius alivua shati. Alilikunja, akaliweka begani kuwa kata, akainama na kumbeba mbwa mabegani, miguu miwili huku na miwili kule. Akatangulia kuishika barabara ya Mbarara akichechemea, na kila aliyethubutu kumcheka njiani aligombana naye.

"Wewe cheka," alikuwa akiwaambia. "Huyu ana safari yake."