Amen ya Nyuma

Rafiki yangu Julienne, msusi wa mtaa wa Point, ndiye aliyenisimulia. Julai 2012 alipanda milima ya Drakensberg na mwenzake Hardy kuona theluji. Wakishuka, ukungu ukawa giza. Hardy asije akapotea nyuma, Julienne akawa anaita kama mchungaji wao kanisani.

"Aleluya!"

"Amen!"

Theluji ililia chini ya viatu.

"Tembea, we mvivu! Aleluya!"

"Amen!" Sasa karibu kabisa na shingo yake.

Hakugeuka mpaka garini. Hardy alikuwa ndani, anatetemeka, ananong'ona kwa hasira.

"Uliniacha kule juu, dada! Niliteleza, nikashuka njia ingine. Nimekuita mpaka sauti imekwisha."

Julienne akafunga mlango. Hakuna aliyesema aleluya. Nje, kwenye kioo cha upande wake, sauti ya Hardy ikaitika taratibu, "Amen."