Simu ya Letterkenny, Laini ya Strabane

Jumamosi ile duka la simu pale Letterkenny lilijaa mpaka mlangoni, na Bronagh alishakasirika kabla hajafika kaunta. Koti lake la njano lilichuruzika mvua, foleni haisogei.

"Kaka, nauliza mara ya mwisho," alimwambia muuzaji. "Simu hii imefungwa kwenye mtandao wenu, au inakubali laini yoyote? Mimi nakaa Strabane, ng'ambo ya mpaka, natengeneza nywele za maharusi pande zote mbili. Nina laini ya huku na ya kule."

"Inakubali yoyote," alisema muuzaji, jina lake Eunan. Alikuwa mrefu, shati la kampuni limembana mabegani, masikio mekundu kama nyanya. "Nimeijaribu mwenyewe."

"Ukinidanganya nitarudi hapa."

"Unanifanya nitamani kuwa mwongo."

Bronagh alitaka kumfokea, akajikuta anacheka, na simu akainunua.

Wiki tatu wakapigiana simu kila siku. Eunan akimwita malkia wangu, Bronagh akimwita Masikio. Jumapili walikula chipsi kwenye gari huku vioo vimejaa ukungu, na Eunan akasema hajawahi kupenda mtu mkali hivi.

Jumatatu simu ya zamani ya Bronagh, iliyokuwa na laini ya Strabane, ikatumbukia kwenye beseni la kuoshea nywele ikafa. Akaichomoa laini, akaichomeka kwenye ile mpya. Ikaikataa. Akajaribu tena, ikaikataa tena.

Mpaka anapata simu ya kuazima, bibi harusi mmoja wa Lifford, mji unaotazamana na Strabane ng'ambo ya daraja la mpakani, jina lake Clodagh, alishampigia mara kumi na moja kuthibitisha nywele zake na za wasimamizi watano. Hakupatikana, kazi akapewa mwingine. Na mama yake Clodagh anajuana na kila mwenye binti katika jimbo zima la Donegal. Akimtangaza vibaya tu, maharusi wote wa kiangazi wamekwenda.

Bronagh akaendesha gari mpaka Letterkenny.

"Ulisema umeijaribu."

Eunan alipoelewa, na kusikia habari ya Clodagh, akapauka. "Niliijaribu kwa laini ya mama."

Mama yake alitumia kamtandao ka bei rahisi kanakokodi minara ya kampuni hiyohiyo ya Eunan, kwa hiyo simu ilikapokea kama ndugu. Hilo hakuwahi kulifikiria. Meneja, bila kuinua kichwa, akasema simu hufunguliwa baada ya miezi kumi na miwili, na pesa hairudi.

"Ulitaka kuuza tu," Bronagh alisema, sauti imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi mjinga nikakuamini." Akaiacha simu kaunta. "Usinitafute."

Jioni ile mama yake Clodagh alimpigia Bronagh kwenye ile simu ya kuazima. Alikuwa na hasira pia, lakini nyingine. Alisema jikoni kwake kuna kijana amekaa saa nzima, anakunywa chai ya tatu, anaapa kwamba kosa ni lake na si la msusi. Hataki kuondoka mpaka kazi irudishwe. Yule msusi mwingine ameshaambiwa asije, basi Bronagh afike Jumamosi saa moja asubuhi, na sasa hivi aje amchukue mtu wake.

Bronagh alimkuta Eunan nje ya nyumba ile ya Lifford, ameegemea ukuta, bado amevaa shati la kampuni, limelowa.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Sijakusamehe, Eunan."

"Najua. Simu yako nitakununulia upande wenu, kule hawafungi."

"Sitaki simu yako." Alimtazama yale masikio, hasira ikakataa kuondoka na yeye akakataa kuondoka nayo. "Kwa sasa sina simu yangu kabisa. Ukiwa na la kuniambia, uvuke daraja uje uniambie usoni."

Eunan akajibandua ukutani.

"Ninalo moja."

"Si hapa," alisema Bronagh, akamfungulia mlango wa gari. "Huku ni Lifford. Nimesema uvuke."