Jina la Pili

Kabla chai ya Dk. Wakuru Nyamhanga haijapoa, Chekeche ilikuwa imeshasoma makala ishirini na tatu na kuziua sita.

Usitishwe na jina. Chekeche ilikuwa mtambo wa akili unde usiozidi ukubwa wa kabati la nguo, umekaa kimya ghorofa ya tisa ya Nyumba ya Majarida, Dodoma. Kila asubuhi ilipokea makala za watafiti kutoka nchi sita, ikakagua kila picha na kila tarakimu, kisha ikatoa alama ya uaminifu kuanzia sifuri hadi mia. Zamani kazi hiyo walifanya wahakiki, watu wenye damu na nyongo, ambao walikalia makala za wenzao miaka miwili, wakapendeleana na kukomoana kimyakimya. Chekeche haikuwa na shemeji wala adui. Ndivyo walivyosema walioileta, na watu tukashukuru.

Jumanne hiyo, mwezi wa tatu mwaka 2094, makala ya ishirini na nne ilipata alama nne.

Wakuru aliweka kikombe chini. Katika miaka kumi na miwili ya kuwa mhariri mkuu wa Jarida la Tiba ya Damu, hakuwahi kuona alama nne. Mwongo wa kawaida, yule anayesogeza tarakimu mbili tatu ili mambo yapendeze, hupata hamsini. Mwizi wa kazi ya mwenzake hupata ishirini. Nne ni mtu aliyekaa kitako akatunga ugonjwa na wagonjwa wake. Chini ya alama Chekeche iliandika kwamba takwimu zimepikwa, na kwamba mwandishi aingizwe kwenye Orodha ya Wapishi. Aliyeingia kwenye Orodha hiyo hakuchapisha tena, hakufundisha tena, hakumgusa mgonjwa tena. Ilibaki saini ya mhariri mkuu tu, maana sheria ilitaka binadamu mmoja ahusike, naye alipewa siku kumi na nne.

Mpishi mwenyewe aliitwa Nyanjura Mtesigwa, muuguzi mtafiti katika zahanati moja kisiwani Ukerewe. Alidai kuwa Selimini, dawa ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wanayokunywa watoto wa nchi nzima, inatolewa kupita kiasi. Aliwafuatilia watoto mia mbili na kumi na wawili kwa miaka mitatu, akaona chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, zikipungua mwezi hadi mwezi. Nusu ya kipimo, aliandika, ingewatosha. Si jambo dogo hilo. Siku hizi daktari hakadirii dawa. Kila zahanati ina Mgawadawa, mashine inayompima mtoto uzito na kumdondoshea vidonge vyake, nayo hutii tu kile kilichopitishwa na Chekeche na kuchapishwa. Muuguzi hana ruhusa ya kupunguza hata nusu kidonge. Kama Nyanjura alisema kweli, watoto walikuwa wakiumizwa kila asubuhi. Kama alidanganya, alitaka wanyimwe dawa inayowaweka hai.

Wakuru aliamini anadanganya, na nitasema kwa nini, hata kama mwenyewe asingependa niseme. Makala ile ilikuwa na jina moja tu. Hapakuwa na profesa juu, hapakuwa na mkuu wa idara katikati, hapakuwa hata na shukrani kwa mlezi yeyote. Muuguzi peke yake, huko kisiwani, anaipinga dawa ya taifa? Wapi na wapi! Lazima kuna mtu nyuma yake, alijisemea, pengine wenye dawa shindani.

Halafu kuna jambo ambalo maadili ya uchapishaji yanataka litajwe kabla ya mengine yote. Kipimo cha Selimini kilitokana na makala ya Mshana na Nyamhanga ya mwaka 2063. Nyamhanga ni huyuhuyu Wakuru. Kanuni zilimtaka akae pembeni, amwachie naibu wake. Yeye alijiambia kuwa anayehukumu ni Chekeche, na Chekeche haina upendeleo, basi naye hana. Watu wasomi wana namna zao za kujidanganya, tena kwa ufasaha.

Akamwandikia Nyanjura barua kavu, akimtaka alete data ghafi na amtaje aliyemtuma. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. "Shikamoo, daktari. Hakuna aliyenituma. Madaftari ni mengi na sina nakala, siwezi kuyatuma yakapotea njiani. Karibu uyaone. Watoto pia wapo."

Hilo la watoto pia wapo lilimkera. Alhamisi asubuhi akapanda kiruka, gari la hewani lisilo na rubani, akatua Ukerewe bila taarifa ili amkute hajajiandaa.

Nyanjura alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubembeleza watoto wanaoogopa sindano. Alimpa mgeni kiti na maji, akamletea madaftari kumi na manne, akarudi kwa wagonjwa wake. Hata hilo Wakuru alilitilia shaka. Mtu mwenye haki mbona hajitetei? Akainusa karatasi kama mtu anayenunua samaki kwa muuzaji asiyemwamini, akatafuta kama wino wote ni wa siku moja. Ulikuwa wa rangi tatu, na kurasa zilikuwa na madoa ya chai na ya iodini. Kulikuwa na mapengo tele: hakuja, mvua; mama kasafiri; mtoto kagoma kuchomwa; kipima damu kibovu wiki mbili. Mpishi wa takwimu haachi mapengo. Lakini mpishi mjanja angeyaacha, Wakuru akawaza, akafumba macho na kugusa majina kumi kwa kidole. Akataka watoto hao waitwe, akawatoa damu mwenyewe kwa kipima damu alichokuja nacho.

Hadi saa tisa alasiri wote kumi walikuwa wamepimwa. Tisa walikuwa palepale madaftari yalipoelekeza. Wa kumi alikuwa na hali mbaya zaidi.

Mistari miwili, wa themanini na nane na wa mia moja arobaini, iliishia katikati na neno moja: amefariki. Nyanjura alieleza kuwa zilikuwa homa za kawaida tu, ila miili haikuwa na cha kupigania. Mama wa namba themanini na nane, alisema, huja zahanati kila wiki kuuliza kama majibu ya Dodoma yametoka.

Wakuru akauliza lililokuwa likimkereketa tangu Jumanne: kwa nini hakutafuta profesa wa kuweka jina lake.

"Nilimpata mmoja, alikubali," Nyanjura akasema. "Nilipomwomba aje ayaone madaftari kwanza, akaniambia sina adabu."

Safari ya kurudi Wakuru hakufungua dirisha. Shaka yake haikuisha. Ilihama tu, ikamwacha muuguzi ikatafuta pengine pa kukaa. Ijumaa asubuhi aliiuliza Chekeche ilitumia nini kuihukumu makala ya Ukerewe. Ikajibu kuwa kila dawa ina makala mama, ile ya kwanza iliyokubalika, na nyingine zote hulinganishwa nayo. Makala mama ya Selimini ilikuwa ya Mshana na Nyamhanga. Akaiagiza iichekeche makala hiyo kama vile imeletwa leo na mtu asiyejulikana.

"Haiwezekani," Chekeche ikaandika. "Makala mama haipimwi. Hupimia."

Basi akaisoma kwa macho yake, na niseme ukweli, ilikuwa mara ya kwanza kuisoma kama mtu asiyemjua mwandishi. Watoto mia nne. Miezi kumi na sita, masika mawili ndani yake. Hakuna aliyekosa siku hata moja, hakuna mama aliyesafiri, hakuna mtoto aliyegoma kuchomwa. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na sita, akibeba mirija ya damu katika wodi moja yenye watoto sitini, na kila siku kuna aliyemng'ata. Wale wengine mia tatu na arobaini hakuwahi kuwaona. Mwalimu wake, Mshana, alimwambia wako vituo vya mbali, akamwekea jina la pili kama zawadi, naye akalia kwa furaha. Madaftari hakuyaomba. Mwalimu haombwi daftari, ungeanzia wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia.

Jumamosi saa nne alibisha nyumbani kwa Profesa Elinami Mshana, mtaa wa Iyumbu. Mzee alikuwa na miaka themanini na moja, anakunywa uji uliokorogwa na roboti mlezi. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika sindano, ndiye aliyesimama kama baba siku ya harusi yake. Wakuru aliamkia, wakaulizana habari za watoto na wajukuu, na kwa muda mambo yakaenda kama yalivyokwenda miaka yote.

"Profesa," akasema mwishowe, "naomba kuyaona madaftari ya Selimini."

Mzee akaweka kijiko. "Miaka thelathini na moja," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuniomba."

Hakukana. Alieleza taratibu, kama anafundisha. Masika yalikata barabara, vituo vya mbali havikufikika, na baraza la dawa lilikuwa linakutana baada ya mwezi mmoja. Kila wiki walizika. Yeye aliona kwa watoto sitini kwamba dawa inafanya kazi, akawajaza waliobaki kutoka kichwani, na kipimo akakiweka juu ili matokeo yasiwe na ubishi. Na dawa ilifanya kazi, alisema. Wakuru awahesabu basi waliofikia utu uzima kwa dawa hiyo. Hilo lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililomchoma Wakuru. Akamwambia kuhusu wawili wa Ukerewe. Akamwambia kwamba Mgawadawa ziko nchi nzima, na katika zahanati nyingine hakuna Nyanjura wa kuhesabu.

Mzee akausukuma uji kando. "Nilipokuletea karatasi usaini," akauliza, "uliisoma?"

"Nilisoma jina langu."

Akaitikia kwa kichwa, bila kejeli. Kisha akamwomba jambo moja, kwa upole, kama mtu anayeomba maji: asubiri afe kwanza, hatachelewa. Nusura Wakuru akubali, wallahi. Ni mtoto gani anayemvua baba yake nguo hadharani? Lakini alishawapima watoto wale wa Alhamisi, na kila mmoja alikuwa na vidonge vya asubuhi ya kesho. Akaaga bila kuahidi kitu.

Jumatatu aliandika taarifa ya kuiondoa makala ya mwaka 2063, akaeleza yote, akaipitisha kwenye Chekeche kama kanuni inavyotaka. Ikapata alama tatu. Madai hayalingani na makala mama, mashine iliandika, yamepikwa, mwandishi, Wakuru Nyamhanga, aingizwe kwenye Orodha ya Wapishi, mhariri mkuu, Wakuru Nyamhanga, asaini.

Alicheka peke yake ofisini, kicheko kibaya. Kisha akakifungua kitabu cha kanuni, akakisoma neno kwa neno kama alivyopaswa kusoma mambo mengi maishani mwake. Kifungu cha kumi na tisa kilisema kuwa jina likiingia kwenye Orodha, kila makala yenye jina hilo hung'olewa papo hapo, ziwe makala mama au wana. Aliyeitunga kanuni hiyo hakudhani kuna mtu angeitumia kama mlango. La kuvunda halina ubani; Wakuru akakubali kunuka. Alimwita naibu wake, asiye na undugu na kazi ile, akamkabidhi makala ya Ukerewe aiamue yeye. Ndipo akaketi, akasaini jina lake dhidi ya jina lake.

Chekeche ilichukua muda mrefu kuliko siku zote. Makala elfu moja mia tisa na nne zilizojengwa juu ya ile moja zilisimamishwa. Ilipoisoma upya makala ya Nyanjura iliipa themanini na saba. Haikuipa mia, kwa sababu ya mapengo. Kufika saa nane mchana naibu alikuwa amesaini ichapishwe, na Mgawadawa nchi nzima zikaanza kudondosha nusu.

Wakuru alimpigia Nyanjura kabla habari hazijasambaa. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Halafu akasema kuwa mama wa namba themanini na nane amefika, yuko hapo mlangoni, anaulizia majibu yake. Nimpe mimi, akauliza, au utampa wewe?

Wakuru alitamani kusema wewe. Akasema ampe simu.

Kwenye kioo akatokea mwanamke kijana, khanga begani, aliyeinamisha kichwa kidogo mbele ya mkubwa. "Shikamoo, daktari."

Wakuru alikuwa na miaka hamsini na saba, na huyu hakuzidi thelathini. Kuitikia ilikuwa haki yake. Marahaba hakuitoa.

"Usiniamkie, mama," akasema. "Keti kwanza. Mimi ndiye niliyesaini kwamba dawa ile ni salama, na sikuangalia."