Kifungo cha Juu cha Kanzu ya Badawy

Nyinyi wa Voi, na nyinyi wa Makwasinyi mnaojifanya mko mbali, sogeeni. Hili linamhusu kila mwenye shingo.

Mwaka wa tisini na sita, nyumba ya Badawy, muuza sufuria karibu na stesheni, ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi moja mkewe, Ruweida, alikuwa anamfunga tai ya shule binti yao Sumayya, wa miaka tisa. Mtoto alikuwa anamwigiza babake, ambaye hata jua la Voi likikaanga mabati, kanzu huifunga hadi kifungo cha juu kabisa, hata kitandani. Ruweida alicheka mpaka mahamri yakaungua. Kisha kidole chake kikagusa kitu shingoni mwa mtoto. Kigumu, kama punje ya mbaazi.

"Rovu tu hiyo," akasema haraka mama mkwe, Bi Khamisa. "Muongezee chumvi."

Wakaongeza. Mchuzi ukawa kama maji ya Likoni. Punje zikawa mbili.

Ruweida akampeleka hospitali. Daktari Gertrude, Mtaita wa Wundanyi, akavuta majimaji ya ule uvimbe kwa sindano, akayatuma Nairobi. Majibu yaliporudi akafunga mlango.

"Mama Sumayya, hii si rovu. Ni kansa ya tezi ya shingoni. Tukikata mapema, mtoto ako na nafasi nzuri. Lakini aina hii, ukiiona kwa mtoto, karibu kila mara ameirithi. Mzazi akiwa na hiyo kasoro, kila mtoto wake ni kama kurusha shilingi. Kwenu kuna mtu amewahi kuvimba hapa?"

"Kwetu hakuna. Kwa mume waliapa hakuna."

"Uliza tena. Uko na mwingine nyumbani, sivyo? Nikijua iko kwa ukoo, damu yake naituma ng'ambo ipimwe. Huyo hatungojei avimbe."

Zubair. Miaka minne.

Ruweida alipita sokoni mbio, buibui likipepea, muuza nyanya akimuuliza kama anafukuzwa na ndovu. Mlangoni akakuta viatu vimejaa. Lo, alikuwa amesahau. Watu wa kijana Fawaz wamekuja kutoka Mombasa kumposa wifi yake Ruweida, dada mdogo wa Badawy. Na mnajua posa zetu: kabla ya chai kupoa, ukoo unachimbwa.

"Na magonjwa ya ukoo, Bi Khamisa?" alikuwa anauliza shangazi yake Fawaz.

"Hamna. Damu yetu safi kama maji ya chemchemi ya Mzima."

"Hata mimi niliambiwa hivyo hivyo," akasema Ruweida, amesimama mlangoni.

Badawy akakohoa. "Mke wangu, kuna wageni."

"Wageni wanywe chai. Mama, Sumayya ana kansa ya shingo. Daktari anataka jibu ndipo amwokoe Zubair. Kwenu nani aliwahi kuvimba?"

Mkono wa Bi Khamisa ukapanda kwenye mtandio wake, ule asioutoa hata akilala, ati aliungua kwa uji utotoni. Akaangalia wageni. Akamwangalia binti yake anayeposwa, akichungulia nyuma ya pazia. Kisha akaufungua, mzunguko mmoja baada ya mwingine, kovu likatokea kutoka sikio hadi sikio.

"Nilikatwa Mombasa kabla Badawy hajazaliwa," akasema. "Dada yangu alikataa kisu. Nikamzika."

Hapo ndipo Badawy, polepole, akafungua kifungo cha juu. Chini yake, uvimbe kama limau.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Basi bibi harusi naye apimwe. Fawaz keshasema hataki mwingine, mimi nitamfanyaje?"

Sumayya alikatwa mwezi huo huo, kansa haijatoka shingoni. Damu ya Zubair ilirudi na kasoro ile ile, akakatwa tezi kabla hajaota hata punje. Wote wawili humeza tembe za badala ya tezi kila asubuhi na kupigania nani aanze. Damu ya wifi ilikuwa safi, tulikula biriani. Naye Badawy akakatwa, ila alikuwa amechelewa. Alipona nusu, sauti ikabaki upepo, na wateja wajanja hujifanya hawajasikia bei. Lakini kanzu yake sasa iko wazi, na anapigwa na upepo kama watu wengine.

FUNZO

Ugonjwa wa ukoo si aibu, ni habari. Ukiuficha ili binti aolewe, unawaficha wajukuu dawa yao. Kwa hivyo leo, kabla hamjalala, waulizeni wazee wenu walikatwa wapi na kwa nini, na daktari akiwauliza, msimdanganye. Ukimfungia daktari kifungo cha juu, umemfungia mwanao njia ya kupona.