Matairi ya Armand

Kila Alhamisi asubuhi, Ghislaine Gaudreault alikuwa na safari moja. Alioka pai, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka kwenye kiti cha mbele cha gari. Kisha aliendesha kilomita arobaini kando ya Ziwa Saint-Jean mpaka Roberval, kwenye nyumba ya wazee alikoishi dada yake Aldéa. Macho ya Aldéa yalikuwa yamefifia, lakini siku ya Alhamisi aliijua. Ikifika saa nne alikuwa ameshakaa karibu na mlango, nywele zimechanwa, anasikiliza nyayo.

Ghislaine alikuwa na miaka sabini na mbili. Mumewe, Armand, alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mengi alikuwa ameshayazoea: kula peke yake, kulala peke yake. Msimu wa kubadilisha matairi, kufunga ya baridi badala ya yale ya kiangazi, hakuuzoea.

Enzi za Armand, kazi hiyo ilikuwa na siku yake, Jumamosi ya kwanza baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Armand alitoa gari uani, akawasha redio, akapiga jeki. Ghislaine alisimama pembeni na kofia ya sufu ya mumewe, akitia nati humo ili zisipotee kwenye majani makavu.

"Ziko ngapi?" Armand aliuliza.

"Tano."

"Basi leo hujaniibia."

Utani huo ulikuwa uleule kila mwaka, na kila mwaka Ghislaine alicheka. Wakimaliza, walikunywa kahawa wakiwa wamesimama, vidole vyeusi, pua nyekundu kwa baridi. Loo, siku zile! Angetoa kitu gani ili apate nyingine moja tu?

Armand hakuwa mtu wa kutapanya fedha. Viatu alivivaa mpaka soli ikaachia. Lakini kwa matairi ya baridi, alinunua yaliyokuwa ghali kuliko yote dukani. Akishayanunua, aliyaandika kwa rangi nyeupe upande wa ndani: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Seti yake ya mwisho ilikuwa bado kwenye gari la Ghislaine. Kila Novemba mkwe wake, Réal, aliyafunga, na kila Aprili aliyafungua. Hakuna aliyeuliza yana umri gani.

Mwaka huo theluji ya kwanza ilianguka katikati ya Novemba. Alhamisi hiyo, akielekea Roberval, Ghislaine alikaribia alama ya kusimama mbele ya kanisa. Alikuwa akienda polepole. Alikanyaga breki mapema. Gari halikusimama. Liliteleza likapita alama, likaingia njia panda. Lori la maziwa lilipita mbele yake likipiga honi. Gari likaenda kujikita kwenye lundo la theluji upande wa pili.

Hakuumia. Pai ilimwagika sakafuni.

Jioni ile binti yake, Manon, alikuja, akaanza kusema bila hata kuvua koti.

"Mama, lile lori lingechelewa kidogo tu, tungekuwa tunasema mengine sasa hivi."

"Halikuchelewa."

"Usinichezee. Nipe ufunguo wa gari."

"Na Aldéa?"

"Nitakuwa nakupeleka. Nikipata nafasi."

"Ukipata nafasi? Lini, Pasaka?"

Manon alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na wote wawili walijua nafasi yenyewe haipo.

"Sikiliza," Ghislaine alisema. "Nipe mpaka Jumamosi. Josée alitazame gari. Akisema tatizo ni mimi, ufunguo nitakuletea mwenyewe."

Josée Potvin alikuwa fundi, na gereji yake ilikuwa nyumba tatu kutoka kwa Ghislaine. Kesho yake alilipandisha gari juu, akalizunguka na tochi.

"Breki ni nzima," alisema. "Na macho yako, mama?"

"Daktari alinipima Septemba. Naona mpaka dhambi zako."

"Hizo huhitaji macho, mtaa mzima unazijua." Josée alicheka, kisha akapiga magoti kando ya tairi. "Njoo utazame. Ugonjwa uko hapa."

Alimulika ubavu wa tairi. Palikuwa na tarakimu nne, 3811.

"Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hili lilitengenezwa wiki ya thelathini na nane, mwaka 2011. Limepitia baridi kumi na mbili."

"Lakini lina kashata bado, meno hayajaisha. Tazama hiyo mifereji ilivyo na kina."

"Kina kipo. Sasa bonyeza kwa ukucha."

Ghislaine alibonyeza. Mpira haukubonyea hata kidogo.

"Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini hata baridi ikikaza," Josée alisema. "Ulaini huo ndio unaoshika barafu. Ukizeeka, mpira unakakamaa. Hapo kina cha kashata hakikusaidii kitu."

"Armand alinunua matairi bora kuliko yote."

"Ni kweli. Yalikuwa bora, mwaka ule."

Ghislaine alikasirika. Alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mume. Alitazama yale maandishi meupe upande wa ndani, na machozi yakamjia mbele ya fundi.

Josée hakuharakisha. Alifuta mikono kwa kitambaa. "Mama, mzee alikuwa mteja wangu. Kila baada ya miaka sita alikuja kununua mapya, hata kama ya zamani hayajaisha. Seti hii ingekuwa imeshatupwa. Kilichomzuia ni ugonjwa."

Ghislaine alikumbuka. Miaka ile ya mwisho Armand hakuwa akitoka. Gari lilikaa uani, na matairi hakuna aliyeyafikiria.

"Basi nipe ya ghali kuliko yote," alisema. "Kama yeye."

"Ngoja kwanza. Unaendesha wapi?"

"Kanisani. Dukani. Roberval kila Alhamisi."

"Unaondoka kabla greda halijaondoa theluji?"

"Nina haraka gani? Naondoka saa tatu, njia ikiwa imeshapitiwa na greda. Kukiwa na dhoruba nampigia Aldéa simu."

"Armand alikuwa anaingia zamu alfajiri, njia haijaguswa, kila siku. Yule alihitaji ya bei ya juu. Sikudanganyi, yale husimama upesi kidogo zaidi kwenye barafu tupu. Wewe kwa mwendo wako, ya bei ya kati yanatosha. Yana alama hii, umeiona? Mlima, na ndani yake chembe ya theluji. Maana yake yamepimwa kwenye theluji yakafaulu. Bila alama hii, hata ukipewa bure kataa."

"Nitaonekana nimebana pesa."

"Na nani? Kilomita zako ni chache. Matairi yako yatazeeka kabla hayajalika. Ukinunua ya ghali, utayaonea huruma uyaweke miaka kumi, turudi palepale. Nunua ya kati, na baada ya miaka sita uje tena bila kuumia."

"Basi nifungie mawili ya mbele, tuone."

"Hapana, mama. Manne, ya aina moja. Mbele yakishika na nyuma yakateleza, mkia wa gari unazunguka kuja mbele. Na upepo uupime kila mwezi, kabla hujaendesha. Baridi huupunguza."

Ghislaine alilipa. Yale ya Armand aliyaacha gereji, akatoka bila kugeuka nyuma. Ilimuuma.

Jumamosi Manon alikuja kuchukua ufunguo. Badala yake Josée aliwapeleka wote wawili kwenye uwanja wa maegesho wa ukumbi wa hoki. Ulikuwa mtupu, umefunikwa na theluji iliyoganda. Manon aliketi kando ya mama yake, mkono umeng'ang'ania kishikio cha mlango.

"Endesha kama unavyoendesha siku zote," Josée alisema kutoka kiti cha nyuma. "Nikisema sasa, kanyaga breki."

"Ee Mungu," Manon alinong'ona.

"Sasa!"

Gari lilitetemeka, likakwaruza, likasimama. Walirudia mara tano. Mara ya tano Manon alisema, "Haya, mama. Lakini siku ya dhoruba huendi."

"Na siku za dhoruba tangu lini niliwahi kwenda?"

Novemba ikaisha, Desemba ikaja. Ghislaine hakukosa Alhamisi hata moja, ila mbili za dhoruba. Kwenye alama ya kanisa alikanyaga breki mapema, na gari lilisimama. Siku moja alisema kwa sauti, peke yake garini, "Armand, nimenunua ya bei ya kati." Akacheka, akalia kidogo, akaendelea na safari.

Mwishoni mwa Januari baridi ilikaza mpaka misumari ya kuta za mbao ikalia. Alhamisi hiyo Manon alikuwa na miadi ya daktari wa meno Roberval. Gari lake lilikataa kuwaka. Saa mbili na nusu simu ya Ghislaine ililia.

"Mama, unaondoka saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Unipitie."

Manon alipanda, akaweka pai mapajani. Alilalamika juu ya jino, kisha juu ya kiwanda, kisha akanyamaza. Barabara ilikuwa nyeupe na ngumu, na ziwa upande wa kulia lilikuwa limeganda lote. Walipofika kwenye kona kali ya mwisho, Ghislaine alipunguza mwendo, akageuza kichwa kumwambia bintiye ashike pai vizuri. Manon alikuwa amelala fofofo, mkono uliong'ang'ania mlango siku ile umelegea juu ya pai.